Hapana Dawa, Lakini Tumaini Lipo

Tunapoambiwa "hapana dawa tena", tukumbuke ya Kampala. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda, kuwahudumia wenye saratani na maradhi yasiyopona. Hakuja na dawa ya kuponesha. Alikuja na mofini ya maji, mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Maumivu yakatulia, akalala, akazungumza na wanawe. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo.

Basi enyi madaktari na wauguzi wetu, msimdanganye mgonjwa, wala msimkatishe tamaa. Mwambieni ukweli kwa upole, mtulizeni maumivu, muahidini kurudi, kisha mrudi. Umri uko kwa Allah. Kumpunguzia mja machungu ni amana yetu.