Daftari lililotiliwa shaka ya kodi

Septemba 1538 Thomas Cromwell, mtu wa mkono wa kulia wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kila Jumapili kasisi aandike ya wiki iliyopita mbele ya mzee wa kanisa, kisha daftari lifungiwe sandukuni, kwa kufuli mbili. Watu wakanong'onezana: mfalme anatuhesabu ili atutoze kodi. Hawakukosea, ila waliwahi. Kodi mojawapo ya aina hiyo ilikuja mwaka 1783, peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa au maziko, na ikadumu hadi 1794. Mafukara walisamehewa, kwa hiyo ukikuta babu wa miaka hiyo kaandikwa fukara, usiharakishe kumhurumia.

Madaftari ya mwanzo mengi yalikuwa ya karatasi, nayo yakachakaa. Mwaka 1598 Malkia Elizabeth I akaidhinisha yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558 alipotwaa ufalme, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Ndiyo maana hata ubatizo wa William Shakespeare, uliofanyika Stratford-upon-Avon tarehe 26 Aprili 1564, tunausoma kwa mkono wa mnakili. Jina limeandikwa kwa Kilatini, Gulielmus. Siku aliyozaliwa haimo, kwa kuwa kanisa liliandika ibada, si uzazi.

Tarehe nazo zina mtego. Hadi kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752, mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Wazazi waliooana Juni 1700 na kubatiza mtoto Februari 1700 hawakutangulia ndoa: Februari hiyo ilikuja baada ya Juni.

Lakini mstari uliozua ubishi mkubwa uko London, katika daftari la kanisa la St Margaret's, Westminster. Februari 1759 alibatizwa humo Gustavus Vassa, kijana mweusi wa miaka 12, mzaliwa wa Carolina. Huyo ndiye Olaudah Equiano, ambaye katika kitabu chake cha 1789 alisimulia kuzaliwa kwake katika nchi ya Waigbo, kutekwa na kuvushwa bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Vincent Carretta aliutoa mstari ule hadharani, na wanahistoria hawajaafikiana hadi leo.

Mimi nisingelipa neno "Carolina" uzito wote huo. Aliyebatizwa alikuwa mtumwa, na daftari halisemi nani alijibu alipoulizwa kwao. Huenda ni yeye, huenda ni wakubwa waliomleta.

Mwaka 1792 alioa huko Soham, Cambridgeshire, mwanamke aitwaye Susannah Cullen. Anayeifuatilia ndoa hiyo asipoteze muda kwenye herufi E. Bwana harusi aliandikwa Vassa.