Dondoo za Usomaji: Kutoka Kikaratasi hadi Programu ya Kuandikia

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya kamusi za Kiswahili, watungaji wake na kasoro zake. Machache mno yameandikwa juu ya kazi iitanguliayo kamusi, na iutanguliayo utafiti wowote wa lugha: kusoma, kufupisha yaliyosomwa, na kuyapanga mafupisho hayo ili yapatikane yatakapotakiwa. Kazi hii haina fahari. Hufanywa faraghani, na kitabu kikisha kupigwa chapa, vikaratasi hutupwa. Lakini mtu apendaye kujua jinsi tulivyopata tunayoyajua juu ya Kiswahili, na jinsi tulivyoyapoteza mengine, hana budi kuanza hapo.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na kamusi yake ikatoka London mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mwenye kuifungua leo aona kwamba si kamusi tu, bali ni daftari la msomaji na msikilizaji. Neno moja laweza kufuatwa na habari za desturi, za chakula au za safari, pamoja na mifano mirefu ya matumizi. Mpangilio wake wachosha. Walakini sauti za watu hazijanyamazishwa ndani yake. A. C. Madan, katika kamusi yake ya mwaka wa 1903, alifupisha zaidi. Kisha ikaja Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka wa 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake, nayo ikafupisha tena na kusanifisha. Kamusi zake za mwaka wa 1939, zilizotoka baada ya Johnson kufariki, ni hazina, na sijui mwanafunzi wa lugha hii asiyezishukuru. Hata hivyo, katika safari hiyo yote ya kufupisha, aliyelisema neno na mahali alipolisemea ndivyo vilivyotangulia kuachwa njiani.

Padre Charles Sacleux alishika njia nyingine. Kamusi yake kubwa, iliyotoka Paris mwaka wa 1939 na wa 1941, imejaa alama fupi za lahaja, hata msomaji mgeni hudhani ameletewa fumbo. Lakini herufi chache tu zilimtosha kuhifadhi asili ya neno. Kwa maoni yangu hakuna aliyefupisha vyema kuliko yeye, maana alifupisha maelezo bila kufupisha ushahidi. Huko Uingereza nako, James Murray, aliyeanza kazi ya kamusi ya Kiingereza mwaka wa 1879, aliwataka wasomaji wake wa kujitolea waandike juu ya kila kikaratasi neno, tarehe, mwandishi, kitabu, ukurasa, na sentensi yenyewe kama ilivyo. Kikaratasi kilikuwa kidogo, na udogo wake ulimfunza mtu adabu.

Kiswahili kiliongeza shida ambayo Murray hakuijua. Neno letu hubadilika mwanzoni. Je, kikaratasi cha *mpishi* kiwekwe kwenye M au kwenye P, pamoja na *pika*? Kamusi ya Johnson ilichagua mzizi, ikawakusanya wana wote kwa mama yao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka wa 1981, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliweka majina kwa herufi yao ya kwanza, ili msomaji wa kawaida asitaabike. Kila njia ina hoja zake. La kuangaliwa ni kwamba hapo aliyeamua alikuwa mtu, naye alijua anaamua.

Programu za kuandikia zilipoenea, uamuzi huo uliingia mikononi mwa mashine pasipo wengi kutambua. Sisemi kwamba Kiswahili kilisahauliwa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kutengeneza programu iwezayo kulichambua neno la Kiswahili, ikatenga viambishi na mzizi. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, na amri za kuhifadhi, kuhariri na kuchapa zikasomeka kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua ya heshima. Lakini kuvisha amri maneno ya Kiswahili ni jambo moja, na kuifanya programu ijue ngeli ni jambo lingine. Programu ya kawaida ya kuandikia, ukiiambia ipange dondoo zako, hupanga herufi, basi.

Natoa mfano wa hapa Nduruma. Mto wa jina hilo washuka kutoka Mlima Meru, wapita penye migomba na kahawa, wafika kwenye mashamba makubwa ya biashara, kisha waingia nchi tambarare ambako wakulima wadogo hungoja maji yaliyosalia. Mwenye kukusanya maneno ya maji, kwa kusoma taarifa na kwa kusikiliza watu mferejini, atalipata upesi neno *banio*, yaani mahali maji ya mto yanapobanwa ili yaingie mferejini. Basi na aandike dondoo zake katika jedwali na aamuru zipangwe. *Banio* litakwenda B, *mabanio* M, *limebanwa* L, na *ubanaji* U. Akiiambia programu itafute *ban* popote ilipo, italeta vilevile bandari, ubani na kibanda. Familia moja imetawanyika, na wageni wameketishwa mezani.

Hilo lina dawa: safu moja ya mzizi, mtu aijaze kwa mkono, na jedwali lipangwe kwa safu hiyo. Kubwa zaidi ni lile lisiloonekana. Programu huyapa maneno yote sura moja nzuri: herufi zilezile, vitone vilevile, kingo zilezile. Kikaratasi cha zamani kilionyesha kwa mwandiko, kwa wino na kwa kufuta kwake yapi ni maneno ya kitabu na yapi ni ya msomaji. Katika ukurasa uliopambwa na programu mpaka huo hufutika, na asomaye baada ya miaka mitano, awe ndiye mwenye dondoo, hawezi kuurudisha.

Tutazame habari za upande wa pili wa mlima. Mnamo Novemba 1951 serikali ya mkoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili iwe ya walowezi, na mwaka wa 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuyapeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Kitabu alichoandika na wakili Earle Seaton kilitoka mwaka wa 1967. Mfupishaji mwenye haraka ataandika: “1951, Wameru walihama.” Mwingine ataandika: “walihamishwa.” Tofauti ni viambishi viwili, na ndani ya viambishi hivyo viwili imo kesi nzima. Dondoo ya kwanza ni fupi zaidi, na kwa macho ya programu haina kosa lolote. Hakuna mstari mwekundu utakaotokea chini yake.

Jedwali nitumialo kwa maneno ya maji lina safu sita: mzizi, neno kama lilivyosikiwa au lilivyosomwa, sentensi nzima ndani ya alama za mtajo, maelezo yangu kwa herufi za mlazo, kitabu na ukurasa, na mwisho kijiji na siku. Safu ya sita ndiyo wanafunzi huniuliza kila mwaka kama yaweza kufutwa ili jedwali litoshe katika ukurasa. Huwaambia wapunguze ukubwa wa herufi.