Punje za Sataranji na Namba Iliyodhaniwa Tasa

Kisa chenyewe ni mashuhuri. Sissa bin Dahir alimwomba mfalme wa Bara Hindi punje moja ya ngano katika nyumba ya kwanza ya sataranji, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, ziongezwe maradufu hivyo hadi nyumba ya 64. Jumla yake ni punje 18,446,744,073,709,551,615.

Ibn Khallikan, mwandishi wa wasifu aliyefariki mwaka 1282, alikishuku kisa hiki hadi alipokutana na mhasibu mmoja wa Iskandaria. Mhasibu huyo alihesabu hadi nyumba ya 16, akapata punje 32,768, akazifanya kuwa ujazo wa chombo kimoja cha kupimia. Tangu hapo akaongeza vyombo badala ya punje. Vyombo vikawa vipimo vikubwa, vipimo vikawa maghala, maghala yakawa miji. Nyumba ya mwisho peke yake ilidai miji 16,384. Huo ni ushairi mtupu, na sisi tuliopima kwa kibaba na pishi kabla ya kusikia trilioni tunauelewa vyema.

Zaidi ya karne mbili kabla yao, mnamo mwaka 1000, Al-Biruni alikwisha kuifikia namba hiyo kwa njia ya mkato. Alizidisha namba kwa yenyewe: 2 huzaa 4, 4 huzaa 16, kisha 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296, hatua ya sita hutoa jumla inayotafutwa na moja ya ziada. Ondoa hiyo moja, shufwa inageuka witiri.

Ngazi hiyo hiyo huifumua namba. Ongeza moja kwa kila kidato, ukianzia 2: utapata 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Zizidishe zote sita, nazo hurudisha punje za Sissa bila kusaza hata moja.

Tano za mwanzo ni namba tasa. (Jina hilo lina kinaya: tasa ni asiyezaa, ilhali kila namba kuanzia 2 ama ni tasa ama imezaliwa na tasa.) Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kwamba ya sita nayo ni tasa, na zote zinazofuata katika ngazi hiyo. Imani hiyo ilidumu hadi mwaka 1732, Leonhard Euler alipoonyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, husaza 1. Namba tasa za kwanza zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Fermat alikuwa amebakiza majaribio matano tu.