Msanii na Shabiki Wake: Nani Afungue Mlango?

Katikati ya miaka ya tisini, bendi ya Marillion ya Aylesbury, Uingereza, haikuwa tena ile iliyotikisa chati za Ulaya miaka kumi kabla. Mwimbaji wake aliyeipatia jina, Fish, alikuwa ameshaondoka mwaka 1988, magazeti ya muziki ya London yalikuwa yameshaizika, na fedha za kuipeleka Marekani hazikuwapo. Mashabiki wa Marekani walikuwa wakilalamika kila siku katika orodha ya barua pepe ya mashabiki wa bendi: mbona hamji kwetu? Hawakujua kwamba mpiga kinanda wa bendi, Mark Kelly, alikuwa ndani ya orodha hiyo muda wote. Alikuwa anasoma kimya kimya kila walichoandika, yakiwemo malumbano yasiyokwisha kuhusu albamu ipi bora na nani alistahili kuwa mwimbaji.

Ndipo akajitokeza kwa jina lake. Aliwaeleza kinagaubaga kwamba ziara ya Marekani ingewatia hasara, na pengo la kuziba lilikuwa kama dola 60,000. Mashabiki hawakusubiri kuombwa. Walifungua akaunti maalumu, wakachangishana wao kwa wao, na fedha zikatimia bila bendi kuzigusa. Mwaka 1997 Marillion walivuka Atlantiki na kupiga maonyesho yao.

Wengi husimulia kisa hiki kama mwanzo wa mashabiki kuchangia muziki kwa njia ya mtandao, na ni kweli. Lakini kuna jambo jingine ndani yake ambalo halisemwi sana. Fedha zilifuata ukweli. Mwanamuziki alikiri hadharani kwamba bendi yake haina uwezo, jambo ambalo meneja yeyote wa zama zile angemkataza asilitamke.

Kwa msomaji wa Zanzibar au Dar es Salaam, ukaribu huo si jambo geni. Katika taarab, shabiki huinuka wimbo ukiwa unaendelea, akasogea jukwaani kwa madaha na noti mkononi, akamtunza mwimbaji mbele ya kadamnasi. Mara nyingi hungoja ubeti wenye ujumbe anaotaka umfikie mtu fulani aliyeketi humohumo ukumbini, na ukumbi mzima unaelewa. Kwenye dansi ilikuwa vivyo hivyo. Mashabiki wa Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, na wale wa Msondo, ambayo chimbuko lake ni NUTA Jazz ya 1964, waliwajua wanamuziki wao kwa sura na kwa tabia, wakawaona kila wikiendi, wakawaambia uso kwa uso wimbo upi umekolea na upi umepwaya.

Huko Ulaya na Marekani biashara ya santuri ndiyo iliyojenga ukuta. Kampuni iliuza mamilioni ya nakala kwa watu ambao msanii hangeonana nao maisha yake yote, kisha ikaweka klabu ya mashabiki na makarani wa kupokea barua. The Beatles walijaribu kuuvuka ukuta huo kwa namna yao: kila Krismasi kuanzia 1963 hadi 1969 walirekodi salamu za mzaha na kuwatumia wanachama wa klabu yao kwenye santuri nyepesi ya plastiki. Ilikuwa zawadi nzuri, ila mazungumzo yake yalikwenda upande mmoja tu. Na barua hazikukoma. Mwaka 2008, karibu miaka arobaini baada ya bendi kuvunjika, mpiga ngoma Ringo Starr alitoa video akitangaza kwamba barua yoyote ya shabiki yenye mhuri wa posta wa baada ya Oktoba 20 itatupwa. Wengi walimkasirikia. Alikuwa na umri wa miaka 68 na shughuli zake. Kumlaumu mzee kwa hilo ni kumwonea.

Waliokwenda njia nyingine mapema kabisa ni Grateful Dead wa California. Kwenye albamu yao ya 1971 waliweka tangazo la kuwataka mashabiki wajitambulishe na kutuma majina na anwani zao, na maelfu kwa maelfu wakaitikia. Baadaye bendi ikawauzia tiketi moja kwa moja kwa posta, na mwaka 1984 ikatenga sehemu rasmi ukumbini kwa ajili ya mashabiki wenye vinasa sauti, ili warekodi onyesho lote na kubadilishana kanda bila kuuziana. Huduma ya mazungumzo ya kompyuta iitwayo The WELL ilipoanza Sausalito mwaka 1985, mashabiki hao waliingia kwa wingi kiasi kwamba ada zao za saa baada ya saa ndizo zilizoibeba huduma hiyo katika miaka yake ya mwanzo. Miongoni mwa walioingia ni John Perry Barlow, mmoja wa watunzi wa mashairi ya bendi. Alikuja kuwafahamu watu wanaoupenda muziki wake. Akaishia kuwa mmoja wa waasisi wa Electronic Frontier Foundation mwaka 1990, taasisi ya kutetea haki za raia mtandaoni.

Hata hivyo, hakuna nyota mkubwa aliyejitosa kama David Bowie.

Septemba 1, 1998, alizindua BowieNet nchini Marekani. Kwa dola 19.95 kwa mwezi, shabiki alipata huduma kamili ya intaneti, anwani ya barua pepe inayoishia kwa jina la davidbowie.com, na megabaiti 20 za kujitengenezea ukurasa wake. Hizo zilikuwa bidhaa. Kilichowavuta watu ni kwamba mwenye nyumba alikuwa anaingia ndani. Bowie aliandika kwenye majadiliano kwa jina la Sailor, na wanachama wakaja kulitambua. Alikanusha uvumi, akabishana, akatania, akajibu maswali madogo madogo ambayo mwandishi wa habari angeona haya kuyauliza. Huyu ni mtu ambaye miaka ya sabini alijificha nyuma ya wahusika wa kubuni, akipaka rangi usoni na kubadili jina kila baada ya albamu mbili. Alipofika umri wa miaka 51 alichagua kukaa na mashabiki wake na kuzungumza nao kama jirani barazani.

Kisha akasogea mbele zaidi. Aliwaalika mashabiki kuandika mashairi ya wimbo ambao sauti za ala zake alikuwa ameshazitunga, na maandiko zaidi ya 80,000 yakafika. Mshindi, kijana wa Marekani, alialikwa studio New York wakati wimbo huo, What's Really Happening?, ukirekodiwa huku watu wakitazama moja kwa moja mtandaoni. Wimbo ukaingia kwenye albamu ya 'hours...', ambayo Bowie aliiuza kwa njia ya intaneti wiki mbili kabla ya CD kufika madukani. Mwishoni mwa 1999 mtangazaji Jeremy Paxman wa BBC alimhoji akiwa na mashaka tele, akiona intaneti ni chombo tu cha kufikishia ujumbe. Bowie alimkatalia katakata. Alieleza kwamba uhusiano kati ya anayetoa kazi na anayeipokea unakwenda kubadilika kabisa, kwa wema na kwa ubaya.

Hapo ndipo thamani ya Bowie inapoonekana kwa anayeitazama historia hii leo. Alivutiwa na aliogopa kwa wakati mmoja, na bado aliingia.

Miezi michache baadaye upande wa ubaya ulijitokeza. Metallica waligundua kwamba wimbo wao ambao haujakamilika umevuja hadi redioni, wakafuatilia chanzo, wakakikuta Napster, huduma ya kubadilishana muziki bila malipo. Aprili 2000 walikwenda mahakamani. Mei 3 mpiga ngoma Lars Ulrich alifika ofisi za Napster huko San Mateo, California, na maboksi ya karatasi yenye majina ya watumiaji 335,435 waliokuwa wakigawana nyimbo za bendi hiyo, akitaka wafungiwe. Waandamanaji walimzomea mlangoni. Huduma ikawafungia zaidi ya watu 300,000.

Kisheria Ulrich alikuwa na hoja nzito, na miaka iliyofuata imewathibitishia wanamuziki wengi kwamba hofu yake haikuwa ya bure. Lakini fikiria shabiki aliyenunua kila albamu tangu utotoni, kisha siku anapotambulika kwa mara ya kwanza na bendi anayoipenda, jina lake limo kwenye boksi la ushahidi. Metallica hao hao walijengwa na vijana waliobadilishana kanda: rekodi yao ya majaribio ya 1982 ilisambaa mkono kwa mkono kabla hawajapata mkataba. Ulrich alijitokeza baadaye kujibu maswali na kujieleza kwenye midahalo. Maneno yalikuwa mazuri, ila yalikuja baada ya wanasheria.

Wakati huohuo Marillion walikuwa wanavuna walichopanda. Waliwaandikia mashabiki kwa barua pepe kuwauliza kama wangekubali kulipia albamu ambayo haijarekodiwa. Zaidi ya 12,000 walilipa, na Anoraknophobia ikatengenezwa kwa fedha hizo na kutoka mwaka 2001. Kickstarter, tovuti inayotajwa sana leo kwa michango ya aina hiyo, ilianza mwaka 2009.

Mwaka huohuo wa 2009 Trent Reznor wa Nine Inch Nails alionja pande zote mbili. Alikuwa kipenzi cha waliodai uwazi: mwaka uliotangulia alitoa albamu nzima, The Slip, bure mtandaoni. Alikuwa akiandika Twitter mwenyewe, bila karani. Mwezi Mei alisikia huko habari za kijana aliyehitaji kupandikizwa moyo, akawatangazia mashabiki kwamba watakaochangia fungu fulani watakutana na bendi nyuma ya jukwaa, na zaidi ya dola 800,000 zikapatikana. Wiki chache baadaye aliandika waraka mrefu wa kuaga. Kikundi kidogo cha watukanaji kilikuwa kimemwandama yeye na mchumba wake bila kuchoka, na akaona hapana faida ya kuendelea.

Watu wale wale waliokusanya fedha za kumwokoa mgonjwa hawakuwa na uwezo wa kuwanyamazisha wachache wenye matusi. Hilo linauma, na hadi leo hakuna jukwaa la mtandaoni lililolitibu. Agosti 2024 mwimbaji wa Marekani Chappell Roan aliweka video akiwaambia mashabiki kwamba kumfuata mtaani, kumshika bila ruhusa na kuisumbua familia yake si upendo. Wapo waliomwita mwenye majivuno. Alikuwa anadai kile ambacho mwalimu, nesi au kondakta wa daladala hukipata bila kukidai: kumaliza kazi na kwenda nyumbani.

Afrika Mashariki imepitia ukurasa wake. Bongo Fleva ilikua pamoja na simu ya mkononi, na ushindani wa Diamond Platnumz na Ali Kiba uliwagawa mashabiki katika timu zilizotupiana madongo usiku na mchana kwenye Instagram. Mwaka 2021 Diamond alipoteuliwa kuwania tuzo ya BET, sehemu ya Watanzania haikushangilia. Maelfu walitia saini ombi la mtandaoni la kutaka aondolewe, wakimlaumu kwa kumpigia kampeni Rais John Magufuli na kukaa kimya kuhusu yaliyowapata wapinzani. Tuzo ilikwenda kwa Burna Boy wa Nigeria. Yeyote aliyekuwa na haki, mjadala ule ulihusu jambo zito, nao ulistahili jibu refu kutoka kinywani mwa msanii mwenyewe.

Majibu ya namna hiyo ni nadra kwetu. Kurasa nyingi za wasanii wakubwa ziko mikononi mwa admini anayebandika picha, anapandisha tangazo la kinywaji, na anambloku anayeuliza swali gumu. Waliobaki kwenye komenti ni chawa wa kusifu na wenye matusi. Yule shabiki wa kawaida, anayetaka kujua kwa nini onyesho lilianza saa tisa usiku au kwa nini ubeti wa pili umebadilishwa, hana pa kusemea. Shabiki wa Mlimani Park wa miaka ya themanini alikuwa na bahati kuliko yeye.

Basi wanamuziki wetu waingie wenyewe. Si kila siku, wala si saa zote. Bowie hakufanya hivyo, na Reznor alipojaribu aliumia. Wachague siku, waweke mipaka ya familia na usalama wao, wamtoe nje anayetukana bila kuomba radhi, kisha waliobaki wajibiwe kwa ukweli, hata ukweli wenyewe ukiwa ni kwamba fedha za ziara zimekosekana. Nawe msomaji, ukibahatika kumkuta msanii wako mtandaoni akiwa peke yake bila admini, muulize kuhusu muziki.