Maji Mawili ya Kariakoo

Watu wa mwambao hawakuingojea maabara iwagawie maji. Tangu kale wameyaita maji matamu, au maji baridi, yale yanywekayo bila kuacha ladha ulimini. Na yale yanayoikataa sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika, wameyaita maji ya chumvi. Mgawanyo huo ndio uliopanga maisha ya nyumba nyingi za Kariakoo: pipa la kufulia na kuogea upande mmoja, mtungi wa kunywa upande wa pili. Atakaye kuijua historia ya Dar es Salaam na aulize kila chombo kilijazwa wapi, na kwa bei gani.

Elimu ya kemia inaongeza jambo moja, nalo ni kwamba chumvi na ugumu si kitu kimoja. Ugumu huletwa na kalsiamu na magnesiamu, madini ambayo hushikana na sabuni yakafanya utando badala ya povu. Chumvi inayoonjwa ni sodiamu na kloridi. Lakini katika mji wa pwani mawili haya aghalabu hufuatana, kwa kuwa mawe ya matumbawe yana chokaa, na bahari yenyewe imejaa magnesiamu. Chini ya ardhi, maji ya mvua huelea juu ya maji mazito ya bahari. Visima vikivutwa kupita kiasi, bahari hupanda ikashika nafasi. Maji yenye zaidi ya miligramu 180 kwa lita, kwa kipimo cha kabonati ya kalsiamu, huhesabiwa kuwa magumu sana. Kuyachemsha huondoa sehemu tu ya ugumu huo, ile inayoganda birikani, chumvi haitoki.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake karibu na kijiji cha Mzizima, katika miaka ya 1860, watu walikunywa maji ya visima. Wajerumani waliufanya mji huo makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na chini ya tawala mbili za kigeni ukagawanyika kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ikawa moyo wa Uswahilini. Mipaka ya mji ikawa pia mipaka ya bomba. Uzunguni maji yaliingia ndani ya nyumba. Uswahilini watu walipanga foleni kwenye bomba la mtaa, au walirudi kisimani.

Mji ulipokua, ulilazimika kuyafuata maji mbali. Kwanza ulikwenda Mtoni, kwenye mto Kizinga. Kisha ukaufikia mto Ruvu, unaopata maji yake katika milima ya Uluguru: mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Maji ya mto si magumu kama ya visima vya pwani, lakini huja na tope, hasa masika, nayo hutiwa shabu ili tope lizame, kisha klorini ili vijidudu vife. Mwaka 1975 soko jipya la Kariakoo lilifunguliwa, kazi ya msanifu Beda Amuli. Paa lake la zege, mfano wa miavuli iliyogeuzwa, lilibuniwa likinge mvua, ambayo ni maji laini kuliko yote. Katikati ya biashara, mbunifu alikumbuka kiu.

Bomba, hata hivyo, halikulingana na mji. Watafiti waliochunguza matumizi ya maji Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, Dar es Salaam ikiwemo, walifuatwa na wenzao miaka 30 baadaye, nao wakakuta nyumba zenye bomba zinapata takriban nusu ya maji ya awali kwa kila mtu. Agosti 2003 huduma ya mji ilikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water; Mei 2005 Serikali ikavunja mkataba. Mitambo ya Ruvu ilipanuliwa katika miaka ya 2010, lakini mwishoni mwa 2022 ukame uliushusha mto, na mji ukarudi kwenye mgao. Kila mgao huleta madumu, mikokoteni na bei ya juu, na asiye na bomba hulipa zaidi kwa ndoo moja kuliko mwenye nalo.

Hapa ndipo ulimi unapodanganya. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Maji yanayoikataa sabuni yanaweza kuwa salama. Kinachoua hakionjwi: vijidudu na uchafu wa vyoo vya shimo vilivyochimbwa jirani na visima. Hata bomba halina kinga, kwani maji yakikatika, presha hupotea, na kila ufa hunyonya uchafu wa ardhini. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 hakikuuliza kama maji yana povu.

Leo nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimepisha maghorofa, na mtungi umepisha tangi la plastiki. Ardhi ya chini ni ileile. Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mji ulikwisha kuvua zamani. Kisima huchimbwa na mmoja, lakini maji yaliyo chini yake hayana kiambaza. Anayevuta mno leo humwachia jirani yake bahari, na jirani huyo, asipopimiwa maji yake, atajua tu kwamba sabuni haitoi tena povu.