Aliyeumwa na nyoka: kisa cha dizeli ya kwanza ya BMW

Wadau, leo siasa pembeni, tuongee injini.

Wengi wetu tumekua tukijua dizeli ni ya malori na matrekta: moshi mweusi, na ikiwashwa alfajiri mtaa mzima unaamka. BMW nao, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa hawajawahi kuuza gari la dizeli. Kilichowabadilisha ni bei ya mafuta, iliyopaa mwaka 1973 na tena 1979.

Hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua injini yao ya petroli ya silinda sita, M20, wakaigeuza kuwa ya dizeli, M21. Si kazi ndogo. Dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. M20 ilibana hewa karibu mara 9, M21 mara 22! Ilibidi vyuma viimarishwe. Kisha wakaongeza turbo: moshi unaotoka unazungusha feni inayosukuma hewa zaidi ndani. Matokeo yake ni injini ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 115, iliyotengenezwa Steyr, Austria. Mwaka 1983 ikatoka ndani ya 524td, gari la kufika kilomita 180 kwa saa.

Ford wa Marekani wakaipenda, na mwaka 1984 wakaiweka kwenye magari yao ya kifahari ya Lincoln. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na kosa halikuwa la injini. Tangu 1978 General Motors walikuwa wakiuza dizeli ya Oldsmobile, nayo yenye asili ya petroli. Ila bolti za silinda hedi zilishindwa kuhimili mgandamizo, gasketi zikaungua, wateja wakalia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: Wamarekani hawakutaka tena kusikia habari za dizeli. Mafuta nayo yakashuka bei. Baada ya 1985 Ford wakaachana nayo.

Ulaya iliendelea kuuzwa, kisha ikarithiwa na M51.

Kwa maoni yangu, anayelipua kazi haharibu jina lake peke yake. Anamfungia mlango hata fundi mzuri anayekuja nyuma yake.