Keino hakusema hana maumivu

Leo nataka tuzungumze kuhusu fikra, na hasa jambo moja ambalo limekuwa likinisumbua kila tunapoombea wagonjwa. Mama anaulizwa, "Unaendeleaje?" Anajibu, "Mimi ni mzima, nimepokea." Na wewe unaona kwa macho yako mguu umevimba. Amefundishwa mahali kwamba akiutaja ugonjwa anaupa nguvu, na kwamba kuwaza mema ni kutolitamka baya lolote. Kabla hujanijibu kwamba hiyo ndiyo imani, hebu twende Mexico, mwaka 1968, na jirani yetu mmoja.

Namwita jirani kwa sababu ukishika barabara ya Kapsabet kutoka mjini, ukapita hapa Kapseret na uwanja wa ndege, unaingia Nandi, na huko ndiko alikozaliwa Kipchoge Keino mwaka 1940. Vijana wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya ule uwanja wa Eldoret tu.

Keino alikuwa askari polisi. Alifika Mexico akiwa amejiandikisha mita 10,000, mita 5,000 na mita 1,500, yaani mbio sita ndani ya siku nane ukihesabu na za mchujo. Na mfuko wa nyongo ulikuwa unamtesa. Tarehe 13 Oktoba, katika mita 10,000, zikiwa zimebaki raundi chache, maumivu yalimwangusha kwenye nyasi. Watu wa machela walipomkaribia akainuka, akarudi njiani, akamaliza, ingawa matokeo yake hayakuhesabiwa kwa kuwa alikuwa ametoka nje ya njia. Mbio hizo alizishinda Naftali Temu, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. (Temu tunamsahau sana. Siku nyingine nitaandika juu yake.) Siku nne baadaye Keino akakimbia mita 5,000 na kupata fedha, akiachwa na Mohammed Gammoudi wa Tunisia kwa sehemu mbili za kumi za sekunde.

Zikabaki mita 1,500, tarehe 20 Oktoba, sikukuu ya Kenyatta, ambayo sasa tunaiita Mashujaa. Madaktari walikuwa wamemwambia asikimbie tena. Akaamua kwenda. Basi likakwama kwenye msongamano wa magari. Akashuka, akaenda uwanjani kwa miguu, mbio mbio.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi husimulia muujiza wakaruka kazi iliyofanyika. Aliyemngoja alikuwa Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia. Keino alimjua vizuri: mwaka uliotangulia, kule Los Angeles, Ryun alipoiweka rekodi hiyo, Keino ndiye aliyekuwa wa pili. Alijua kwamba wakifika raundi ya mwisho wakiwa pamoja, Ryun atamwacha. Hakujidanganya kuhusu hilo. Basi Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, akatoka kwa kasi kali, raundi ya kwanza sekunde 56, akijua yeye mwenyewe atachoka na kubaki nyuma. Keino akapokea kasi ile na hakuipunguza. Ryun alipoanza kufukuza, pengo lilikuwa limeshakuwa kubwa mno. Keino alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, mbele karibu mita 20.

Ryun alikuwa ameamini kwamba kule juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, dakika 3 na sekunde 39 zingetosha kupata dhahabu. Alikimbia 3:37.8, bora kuliko hesabu yake, na bado akashindwa. Keino alikuwa mtoto wa nyanda hizi zetu, ambako hata Eldoret iko juu ya mita 2,000. Ile hewa nyepesi iliyowatisha wengine ndiyo aliyokua akiivuta.

Kwa hiyo unaposikia kwamba Keino alishinda kwa "fikra chanya", uliza fikra hizo zilikuwa na nini ndani yake. Zilikuwa na tumbo linalouma, na mpinzani mwenye nguvu kuliko yeye mwishoni, na rafiki aliyekubali kuchoka kwa ajili yake. Yote hayo aliyaweka mezani, kisha akakimbia. Soma Warumi 4 kuhusu Ibrahimu: aliutazama mwili wake wa karibu miaka mia, akaona umekwisha, na imani haikupungua. Biblia haisemi aliukwepa macho.

Najua utaniuliza: "Lakini Pasta, si Keino alikataa neno la daktari?" Ndiyo, alikataa, na mimi sikushauri ufanye hivyo. Mita 1,500 ni chini ya dakika nne. Kisukari si cha dakika nne, wala presha. Yeye alijua anachohatarisha na kwa muda gani. Wewe ukitupa vidonge kwa sababu umekiri uponyaji, hujui. Na mwenzako wa ushirika hawezi kukutolea kasi kama Jipcho ikiwa kila Jumapili unamwambia huna shida.

Jumatano hii kwenye maombi nitauliza tena, "Unaendeleaje?" Sema ukweli: mguu unauma, karo haijatimia, mahindi yamekauka. Anayekwenda kliniki Moi Referral atuambie tarehe, ili mtu wa kumsindikiza apatikane. Na dawa zako zije nazo kwenye mkoba. Tutaomba, kisha saa ikifika utazimeza palepale, maji yatakuwepo.